Ghorofa ya Nane Juu ya Maji

Inspekta Hana Ndahani alipanda melini saa nne asubuhi, viatu vyake vikiwa bado na vumbi la Dodoma, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kosa. Alisimama katikati ya ngazi akaangalia chini.

Kati ya ukuta wa gati na ubavu wa meli palikuwa na mwanya, upana wa mlango tu, na ndani ya mwanya ule maji yalikuwa yakipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Hana alishika kamba ya ngazi kwa mikono miwili. Bahari alishaiona mara mbili maishani, zote kupitia dirisha la basi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inapumua.

"Twende, afande," alisema Castory nyuma yake. "Ukiisubiri itulie tutazeekea hapa."

Castory alikuwa wakala wa meli pale bandarini Dar es Salaam, mtu wa makamo mwenye shati jeupe na kalamu nne mfukoni. Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja: kuhakikisha Inspekta kutoka Dodoma anatia sahihi karatasi kabla ya saa nane mchana. Saa nane meli hii, Leonora, ilikuwa inang'oa nanga na watalii wake elfu mbili. Ilisajiliwa nchi ya mbali huko, na ikishatoka, chochote kilichomo ndani yake kingekuwa kimeondoka nayo.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Abiria Evarista Madeha, umri miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu, mkazi wa Makole, Dodoma, amepotelea baharini. Chini yake mstari mtupu ukimsubiri Hana.

Sahihi hiyo ingefunga jalada, na jalada likifungwa hakuna mtu angemtafuta tena Mwalimu Evarista, si majini wala nchi kavu. Wilbert Madeha, mtoto wa kaka yake, ndiye aliyesafiri naye. Jana alitoa maelezo huku analia mpaka karatasi ikalowa, na asubuhi hii alikuwa amepanda treni ya umeme ya saa tatu na nusu, anawahi Dodoma kuandaa matanga. Hana hakuwa na sababu ya kumzuia. Alichokuwa nacho ni mashaka, na mashaka hayamfungii mtu mlango wa treni. Mwalimu ana kiwanja Ihumwa, pembeni ya reli, ambacho Wilbert alitaka kiuzwe. Mwalimu alikataa. Miezi miwili baadaye, Wilbert huyo huyo akamlipia shangazi yake safari ya meli ya kifahari, na mrithi wa kiwanja ni yeye peke yake. Ukarimu wa namna hii Hana alikuwa hajauzoea.

Tena Mwalimu huyo alimfahamu. Ndiye aliyemfundisha Hana jiografia darasa la nne.

Mlangoni mwa meli kijana mmoja alipitisha kadi ya Castory kwenye mashine, mashine ikalia, na picha ya Castory ikatokea kwenye kioo.

"Kila abiria anapita hapa?" Hana aliuliza.

"Kila abiria. Akiingia inalia, akitoka inalia."

"Nionyeshe Mwalimu alivyoingia."

Kijana aliitafuta. Jumatatu, saa tano asubuhi. Mwanamke mwenye kilemba kikubwa, miwani myeusi, na barakoa iliyofunika kuanzia puani kwenda chini.

"Barakoa ya nini?"

"Bwana Wilbert alisema bibi ana mafua," Castory alijibu. "Wazee wengi wanavaa, afande. Hakuna aliyeshangaa."

"Na kutoka?"

"Hajatoka. Ndiyo maana tunasema kapotelea majini."

"Mashine haikosei?"

"Haikosei." Castory alijikuna shingo. "Labda Unguja, Jumanne. Ilizima kama saa nzima, vijana wakawa wanaandika kwa mkono. Lakini bwana Wilbert mwenyewe amesema siku ile shangazi yake hakutoka chumbani. Jumatano asubuhi ndiyo akaja kutuambia kitanda kitupu, mlango wa baraza wazi."

"Wilbert mwenyewe amesema."

"Ndiyo."

Hana aliandika maneno hayo kwenye daftari, akayapigia mstari.

Kutoka pale walipanda. Lifti ilikuwa ya kioo, na ghorofa zilishuka mbele yao moja baada ya nyingine bila sauti: duka la manukato, ukumbi wenye piano iliyokuwa ikijipiga yenyewe, bwawa la kuogelea ambalo watu walikuwa wamelala pembeni yake kana kwamba hawajui kuna bahari nzima chini yao. Harufu ya mikate ya siagi iliingia na kutoka. Ghorofa ya nane walikanyaga zulia zito kiasi kwamba Hana hakusikia hatua zake mwenyewe, na kwa muda kidogo alihisi kwamba yule anayetembea siye yeye.

"Nyie wa Dodoma mkipewa meli kama hii mtafuga ng'ombe humu," Castory alisema.

"Na nyie wa pwani mtawauza kabla hawajazaa," Hana alimjibu, bila kugeuka.

Castory alicheka, akafungua chumba namba 814.

Kilikuwa nyumba, si chumba. Sebule yenye kochi la rangi ya maziwa, kitanda cha kulala watu wanne bila kugusana, bafu la marumaru lenye beseni la kuogea refu kuliko Hana, na mwishoni mwa vyote hivyo mlango wa kioo na kibaraza. Nje ya kibaraza hapakuwa na kitu. Palikuwa na mwanga, na chini ya mwanga maji, na mbele zaidi mahali ambapo huwezi kusema hiki ni kile na hiki ni kingine. Hana alisimama pale mdomo wazi. Mwalimu Evarista alikuwa akiichora bahari ubaoni kwa chaki ya bluu, anaipaka kwa ubavu wa chaki, huku anawaambia watoto wa Makole kwamba huko mbele hakuna mlima wala mti wa kuzuia jicho. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona. Roho ya Hana ilimuuma.

"Kuna kilichoguswa humu?"

"Kimefungwa tangu Jumatano. Mhudumu amesafisha mara ya mwisho Jumanne asubuhi."

"Niachie ufunguo. Na huyo mhudumu niitie."

Castory aliangalia saa yake kwa namna ya kumwonyesha kwamba anaangalia saa, akatoka.

Simu ilitetemeka. Alikuwa Koplo Sila, kutoka Dodoma, na upepo wa kule ulikuwa ukipiga kwenye simu.

"Afande, nimetoka Mkonze, kwa Wilbert. Geti lina kufuli kwa nje. Nimeruka ukuta, nimegonga, kimya. Nimechungulia dirisha la jikoni na la sebule."

"Kukoje?"

"Hamna kitu. Nyumba safi. Ndoo zimejaa maji, masufuria yamejaa, mpaka vikombe vya chai. Mtu hamna. Majirani wanasema huyu jamaa anaishi Dar, huku anakuja mara moja kwa mwezi. Sasa niko Ihumwa, naangalia kile kiwanja."

"Haya. Endelea," Hana alisema. Macho yake yalikuwa kwenye maji, ambako ndege mweupe alikuwa ametulia hewani bila kupiga bawa.

Alianza kazi. Alipekua kabati: magauni mawili, yote mapya. Viatu: jozi moja, soli safi. Kwenye droo Biblia mpya ambayo kurasa zake zilikuwa bado zimegandana. Chini ya mto hakuna kitu. Sabuni mbili za hoteli zimetumika mpaka zimebaki vipande, na taulo nne zimetumika. Kila kitu kilimwonyesha mwanamke aliyeishi humu siku moja na kuoga sana, halafu akatoweka. Hakuna alama ya ugomvi. Hakuna la kumwambia hakimu.

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Kitanda kilimpokea. Alikuwa amesafiri usiku kucha, na meli ilikuwa inacheza kidogo sana, huku na huku, kama mama anayembembeleza mtoto ambaye ameshalala. Pazia liliingia ndani, likatoka. Alilala chali, viatu miguuni, akaona mwanga wa maji ukicheza darini, na mawazo yake yakaanza kuachana. Aliona vumbi jekundu. Aliona mstari wa watoto wenye vidumu vya manjano kichwani, na Mwalimu Evarista amesimama getini anavikagua kimoja kimoja. Asiye na maji harudi nyumbani, anarudi kisimani. Kidumu cha Hana kilikuwa kinavuja. Kila siku alifika nacho nusu.

Alijiinua. Kinywa kilikuwa kikavu. Aliingia bafuni, akafungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, meupe, bila kukohoa. Akajaza glasi akanywa. Akajaza ya pili akaiweka. Akaona jagi, akalijaza. Akachukua ndoo ndogo ya kuwekea barafu, akaijaza. Birika la umeme. Chombo cha maua kisicho na maua. Akainama akaziba tundu la beseni la kuogea, akafungulia, na maji yakawa yanapanda kwenye marumaru huku yeye amejishika kiuno, moyo umetulia, hana wazo hata moja kichwani.

Mlango uligongwa. Binti wa miaka ishirini na kitu alisimama pale na sare ya kijivu.

"Shikamoo, afande. Naitwa Shakila, mimi ndiye nasafisha vyumba vya upande huu."

"Marahaba. Ingia, mdogo wangu. Kwenu wapi?"

"Kondoa, afande." Shakila alinyoosha shingo akaangalia bafuni. Aliona jagi, ndoo, birika, glasi zote zimepangwa ukutani zimejaa mpaka mdomoni, na beseni linazidi kupanda. Akaziba mdomo kwa mkono. Kicheko kikamtoka hata hivyo.

"Unacheka nini?"

"Samahani, afande. Na mimi wiki yangu ya kwanza humu nilifanya hivyo hivyo. Kwenye chumba changu cha chini nilijaza mpaka kapu la taka. Msimamizi wangu Mfilipino akaniuliza kama ninafuga samaki." Akacheka tena. "Mgao wa maji unakaa mwilini, afande. Ukiona bomba linatoka, mkono unaenda wenyewe."

Hana aligeuka akaviangalia vile vyombo. Hakukumbuka kuvijaza. Alifunga bomba polepole, na bafu zima likawa kimya.

"Shakila. Jumanne ulipoingia humu, ulikuta chombo chochote kimejazwa maji?"

Binti alifikiri. Kicheko kilianza kumpotea usoni.

"Hapana."

"Jagi?"

"Tupu. Kavu. Glasi zilikuwa bado na vile vikaratasi vyao vya kufunikia."

"Na bibi mwenyewe ulimwona?"

"Nilimwona mgongo. Alikuwa anapiga mswaki hapo hapo kwenye sinki, na bomba limefunguliwa muda wote. Lote, afande! Alinijibu salamu huku maji yanaenda tu, akaweka mswaki, akaanza kujipaka mafuta, bomba bado linatoka. Nilitamani kuingia nilifunge. Nikajisemea, huyu bibi amezaliwa mtoni."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini, afande? Kwamba mgeni anaoga sana?"

Hana aliketi ukingoni mwa beseni. Mwalimu Evarista aliishi Makole miaka hamsini. Uani kwake kulikuwa na mapipa manne, na aliyajua kwa majina, kama mtu anavyojua mbuzi wake. Huyo angekaa humu siku nzima na bomba lisilokatika asijaze hata glasi moja? Angeacha maji yapite hivi hivi huku anajipaka mafuta? Angekatwa mkono kwanza.

Mwalimu hakuwahi kuingia chumba hiki. Hakuwahi kupanda ngazi ile. Aliyeingia ni mwingine, mtu wa mahali penye maji, mwenye kilemba na barakoa na pasipoti ya Mwalimu, na Jumanne pale Unguja mashine ilipozima alishuka kwa mguu wake, akaenda zake. Jina lake lingetafutwa baadaye. Swali lililompandisha Hana jasho lilikuwa lingine. Kama Mwalimu hayuko majini, Wilbert amemweka wapi?

Hapo ndipo sauti ya Sila ilipomrudia. Mpaka vikombe vya chai.

Alikuwa amelisikia jambo hilo kwa masikio yake, naye Sila aliliona kwa macho yake, na hakuna kati yao aliyeona ajabu yoyote. Kwa askari wawili wa Dodoma nyumba yenye ndoo zilizojaa ni nyumba tu. Lakini nyumba ile ilifungwa kwa kufuli, mwenyewe alikuwa melini tangu Jumatatu, na hata siku nyingine anaishi Dar.

Alipiga simu. Iliita mara nne.

"Sila, vile vikombe kwa Wilbert. Vilijaa kiasi gani?"

"Vikombe?"

"Vya chai, Sila!"

"Vilijaa... vilijaa kabisa, afande. Mpaka juu."

"Vilikuwa na vumbi? Utando?"

Upepo ulipiga kwenye simu. Kwa upepo ule wa Agosti kikombe cha maji ya Dodoma hakimalizi siku nne bila kupungua na kuota utando wa chumvi. Sila alijua hilo tangu utotoni, na Hana alisikia pumzi yake ikibadilika.

"Yalikuwa masafi," alisema. "Mungu wangu. Afande, kuna mtu mle ndani."

"Rudi. Sasa hivi. Vunja kufuli, nakupa idhini mimi. Chukua mjumbe wa mtaa awe shahidi, lakini usimsubiri akivaa viatu. Wilbert anashuka kwenye treni saa saba. Anaamini nimeshasaini kwamba shangazi yake amekufa. Akifika pale kabla yako, hana tena sababu ya kumweka hai."

Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Alipiga kituoni Dodoma akaomba askari wawili wakamsubiri Wilbert stesheni. Halafu hakuwa na la kufanya. Kutoka Ihumwa mpaka Mkonze ni kukatiza mji mzima, na Sila alikuwa na pikipiki. Hana alitoka kibarazani akashika chuma. Alikuwa na hofu, na mbele yake bahari iliendelea kung'aa kwa upole kana kwamba hakuna baya lolote duniani. Shakila alikuja akasimama pembeni yake. Chini kabisa boti ndogo ilipita, ikaacha mstari mweupe ambao ulikaa muda mrefu kabla ya kufutika.

Castory aliingia saa sita na nusu na karatasi yake.

"Afande, kalamu ninayo."

"Sisaini."

"Meli inaondoka—"

"Iondoke. Mwandikie nahodha kwamba mtu wake hajapotea baharini. Andika kwamba hakuwahi kupanda."

Castory aliuangalia uso wa Hana, akaketi kwenye kochi la rangi ya maziwa na kalamu zake nne.

Simu iliita saa saba kasoro dakika kumi na tano. Sila alikuwa anahema.

"Yupo, afande. Mzima. Alikuwa chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha la nje."

Hana alifumba macho. "Mbona hakukuitikia asubuhi?"

"Anasema Wilbert alimwambia asimfungulie mtu, kuna wezi. Afande..." Sila alishusha sauti. "Amevaa koti. Amevaa na kofia. Sanduku liko miguuni kwake limefungwa kamba. Ananiuliza kama mimi ndiye dereva wa kumpeleka kwenye meli. Ameambiwa meli iliharibika, wanaitengeneza. Anasubiri tangu Jumapili. Simu yake Wilbert ameichukua, eti ipo kwa fundi."

"Mpe simu."

Zilisikika hatua, kisha pumzi ya mtu mzima, kisha sauti ambayo Hana angeitambua popote.

"Ni nani mwenzangu?"

"Shikamoo, mwalimu. Ni Hana. Hana Ndahani, darasa la nne B."

"Marahaba. Hana wa kidumu kinachovuja?"

"Huyo huyo, mwalimu."

"Wamekwambia nasafiri? Uko wapi wewe, mbona unasikika mbali?"

Hana aliangalia ghorofa nane chini. "Niko melini, mwalimu."

Aliposema tena, sauti ya Mwalimu ilikuwa imekuwa ndogo, ya mtoto anayeogopa kuambiwa hapana.

"Kweli? Basi imeshapona. Niambie, hiyo bahari ina rangi gani?"

"Ya kijani, mwalimu. Karibu na meli ni nyeusi kidogo. Mbali huko haina rangi, ni mwanga tu."

"Kijani!" Mwalimu alicheka. "Na mimi miaka thelathini nimewapakia watoto bluu." Kisha akauliza, "Wilbert yuko hapo na wewe?"

Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na mbili kabla ya saa saba. Treni ilikuwa inakaribia Dodoma, na askari wawili walikuwa wamesimama mlangoni mwa stesheni. Shakila aligeuza uso akaangalia maji.

"Hayupo, mwalimu. Yuko njiani, anakuja huko."

"Basi mwambie asihangaike na maji akifika. Mgao ulikuja juzi, nimemjazia kila kitu. Mpaka vikombe."